Kuunda kifaa cha kutambua metali ndani ya ukuta: mwongozo kwa mafundi wa Tabora

Mwongozo huu unahusu kifaa cha mkononi kinachomwonyesha fundi mahali penye nondo, msumari, boksi la soketi au bomba la chuma kabla hajaweka drili ukutani. Nimewaandikia mafundi wa umeme, wa mabomba na wa madirisha wanaofanya kazi Tabora, ambako katika mtaa mmoja unaweza kukuta ukuta wa matofali ya kuchoma, jirani yake ukuta wa matofali ya tope uliopigwa lipu ya saruji, na mbele kidogo jengo la zamani ambalo hakuna aliye hai anayekumbuka ndani yake mlipitishwa nini.

Kilichonisukuma ni aibu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa natoboa ukuta wa nyumba ya zamani pale Isevya, hapa Tabora, ili nifunge rafu ya jikoni. Vumbi jekundu lililokuwa likidondokea kiatu changu likageuka tope, mlio wa drili ukawa mzito, na kabla sijaichomoa maji yakaanza kuchuruzika juu ya lipu. Bibi mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai. "Mwanangu," akasema, "hilo bomba alilipitisha marehemu babu yako. Mimi nilidhani ninyi mafundi mnaliona."

Anza na ukuta, si na sakiti

Wengi wanaojaribu kuunda kifaa hiki huanza kwa kutafuta mchoro wa sakiti, wakaunganisha, kikalia vizuri juu ya kijiko mezani, kisha kikawashinda siku ya kwanza ukutani. Kijiko kilicho mezani hakina kinachokizunguka, ilhali msumari ulio ukutani umezungukwa na ukuta, na ukuta wenyewe una sauti yake. Kwa hiyo, kabla ya kununua hata rezista moja, jiulize unachokitafuta kiko kina gani na kimelala ndani ya nini.

Lipu ya kawaida ina unene wa sentimita moja na nusu hivi. Bomba la plastiki la kupitishia nyaya huchimbiwa mfereji kwenye tofali nyuma ya lipu hiyo, kwa hiyo waya huwa sentimita 2 hadi 4 kutoka usoni mwa ukuta, na nondo za nguzo na za linta zikifunikwa kama inavyotakiwa hukaa kwenye kina hichohicho au kuzidi kidogo. Kifaa kinachoona vizuri hadi sentimita 5 kinatosha kwa kazi nyingi za fundi. Usihangaike kutafuta cha kuona nusu mita, kwa sababu kinachoona mbali huona pia ngazi uliyosimama juu yake.

Jambo la pili ni tofali lenyewe, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu maelekezo mengi yameandikwa na watu wenye kuta za mbao na jipsamu. Udongo mwekundu tunaofyatulia matofali una madini ya chuma ndani yake. Tofali likiwa bichi, madini hayo hayaitikii sumaku kwa nguvu. Likiingia tanuri, moto hubadilisha sehemu ya madini hayo kuwa aina inayovutwa na sumaku zaidi, na tofali lililokaa karibu na mdomo wa moto hubadilika kuliko lile lililokaa juu likabaki limeiva nusu. Matokeo yake ni kwamba ukuta wa matofali ya kuchoma hukisogeza kipimo hata kama hauna msumari hata mmoja, na hukisogeza kwa kiasi kinachotofautiana kidogo kutoka tofali moja hadi jingine. Ukuta wa tope usiochomwa hauna tabia hiyo, au inayo kwa kiasi kidogo sana. Kifaa chetu lazima kijengwe kwa namna ya kuusikiliza kwanza ukuta ulio mbele yake, kuuita huo sifuri, kisha kutafuta kinachozidi hapo.

Kinavyofanya kazi

Koili ya waya ikiunganishwa na kapasita, yaani kifaa kidogo cha kuhifadhi chaji ya umeme, hutetema kwa masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) yanayotegemea ukubwa wa vitu hivyo viwili. Mkondo unaotetema ndani ya koili hutengeneza uga wa sumaku unaokwenda na kurudi, na uga huo ukipita katika metali huzalisha humo mikondo midogo ya kuzunguka, ambayo nayo huupinga uga ulioizalisha. Hapo indaktansi ya koili, yaani uwezo wake wa kupinga badiliko la mkondo, hupungua na masafa hupanda. Chuma kina tabia ya ziada: kwa kuwa kinavutwa na sumaku, huweza kuongeza indaktansi na kushusha masafa. Mvutano huo wa pande mbili ndio unaofanya msumari mwembamba mara nyingi ushushe namba, na kipande bapa cha bati kiipandishe, ijapokuwa vyote ni chuma. Atakayekuambia kwamba kifaa rahisi cha aina hii kinamtofautishia shaba na chuma kwa uhakika, mwombe akuonyeshe kwanza. Sisi tutatafuta badiliko lolote, liwe la kupanda au la kushuka.

Koili

Kata pete yenye upana wa sentimita 2 kutoka kwenye bomba la plastiki la milimita 75 kwa nje. Izungushie mizunguko 60 ya waya wa shaba wenye vanishi, wa milimita 0.3, ule unaouzwa na wanaosuka mota. Waya utakaotumika ni kama mita 15. Mizunguko ikae pamoja kwenye mkanda usiozidi milimita 4 kwa upana na milimita 3 kwa urefu wa kupanda juu. Ukimaliza, kwangua vanishi kwenye ncha zote mbili na upime kwa maltimita: ukipata omu 3.5 hivi, koili iko sawa. Ukipata chini sana ya hapo, mizunguko imegusana mahali fulani na ni heri ufumue uanze upya. Koili ya vipimo hivyo huwa na indaktansi ya maikrohenri 575 hivi.

Kipenyo cha koili ndicho kinachoamua kina. Kwa kitu kikubwa, koili huona hadi umbali unaokaribia kipenyo chake. Kwa msumari mdogo huona pungufu ya hapo kwa mbali. Ukiongeza kipenyo unapata kina zaidi, lakini unapoteza uwezo wa kusema msumari uko hapa hasa na si sentimita 6 pembeni. Milimita 75 ni maridhiano ambayo sijaona sababu ya kuyaacha.

Mizunguko isiyofungwa imara hucheza, na kila ikicheza namba hubadilika. Baadhi ya mafundi hutumia gundi ya epoksi, nayo ni nzuri, ila ukikosea huwezi kurekebisha. Mimi natumia nta ya nyuki. Mkoa wetu hauna shida ya nta, na redio za zamani koili zake zilizibwa kwa nta vilevile. Weka nta katika kopo, kopo ulitie ndani ya sufuria yenye maji ya moto, usiliweke juu ya moto moja kwa moja kwa maana nta hushika moto. Nta huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 65 hivi. Izamishe koili hadi viputo vya hewa viishe kutoka, itoe, iache ipoe ikiwa imening'inia. Hata jua la Oktoba haliwezi kuiyeyusha ukiwa kazini, mradi usiiache juu ya dashibodi ya gari lililofungwa vioo.

Baada ya nta, funga tabaka moja la utepe wa plastiki, kisha zungushia karatasi ya alumini ya jikoni kuifunika koili yote isipokuwa pengo la sentimita moja. Pengo hilo ni la lazima: alumini ikikutana ncha kwa ncha inakuwa mzunguko mmoja uliojifunga wenyewe, nao utameza nguvu ya koili nzima. Laza waya mwembamba usio na plastiki juu ya alumini, uunganishe na hasi ya sakiti, na ufunge utepe tena juu yake. Kazi ya ngao hii ni kuzuia mkono wako na unyevu wa ukuta visihesabiwe kama metali. Wakati wa masika, ukuta uliolowa chini huweza kukupa kengele za uongo kuanzia sakafuni hadi magotini, na bila ngao utadhani nyumba nzima imejengwa juu ya bomba.

Sakiti

Tutatumia IC moja (sakiti nzima iliyofungwa ndani ya kipande kimoja chenye miguu), CD4069UB, yenye vigeuzi sita ndani yake; kila kigeuzi hugeuza volti ya juu kuwa ya chini na ya chini kuwa ya juu. Herufi U na B mwishoni ni muhimu. Mguu wa 14 upate chanya ya volti 5 na wa 7 hasi, na katikati ya miguu hiyo miwili, karibu kabisa na IC, weka kapasita ya nanofaradi 100. Kutoka mguu wa 2 unganisha rezista ya kiloomu 1. Mwisho wa pili wa rezista hiyo uunganishwe na ncha moja ya koili, na ncha nyingine ya koili iende mguu wa 1. Kila ncha ya koili iwekewe kapasita ya nanofaradi 22 kwenda hasi. Mpaka hapo tayari una oskileta, yaani sakiti inayojitetemesha yenyewe. Unganisha mguu wa 2 na wa 3 ili kigeuzi cha pili kiisafishe alama, yaani mtetemo wa umeme unaotoka, kisha uichukue kwenye mguu wa 4. Miguu ya 5, 9, 11 na 13, ambayo ni milango ya vigeuzi visivyotumika, uiunganishe na hasi. Ikiachwa hewani hudaka kelele na kuisumbua iliyobaki.

Kapasita mbili za nanofaradi 22 zikiwa mfululizo ni sawa na nanofaradi 11, na kwa koili yetu masafa huja kiasi cha Hezi 63,000. Ukipata 58,000 au 68,000 hakuna kilichoharibika; pete yako imepishana kidogo na yangu. Usipopata kitu kabisa, kagua kwanza kama vanishi ilikwanguka vyema, kwa maana hilo ndilo kosa la mara nyingi kuliko yote.

Nasisitiza aina ya kapasita. Zile za udongo, bapa kama shilingi, ambazo zimejaa kwenye redio mbovu, hubadilika kwa joto kiasi kwamba kifaa kitapiga kelele kwa sababu tu umetoka juani ukaingia chumbani. Tafuta za filamu, hasa za polipropilini. Kama maduka ya hapa hayana, mtu anayekwenda Kariakoo anaweza kukuletea pamoja na IC na bodi ya Arduino, yaani kompyuta ndogo unayoiandikia programu mwenyewe. Ni vitu vidogo vinavyoingia mfukoni.

Kuhesabu mitetemo

Zamani kazi hii ilifanywa kwa oskileta ya pili na spika, sikio likisikiliza tofauti ya sauti mbili. Inawezekana hata leo, lakini sikio huchoka, na ukutani unahitaji namba. Tumia bodi ya Arduino Uno. Mguu wa 4 wa IC uingie pini ya 5 ya bodi, kwa sababu hiyo ndiyo pini ambayo kaunta ya ndani inayoitwa Timer1 huweza kuhesabia alama za nje bila kuisumbua programu. Katika programu, rejista (visanduku vya namba vinavyoiongoza kaunta) TCCR1A ipewe 0 na TCCR1B ipewe 7, kisha TCNT1, inayobeba hesabu yenyewe, ifutwe iwe sifuri, usubiri milisekunde 200, na uisome. Katika muda huo utahesabu mitetemo kama 12,600, na kila hesabu moja ikibadilika ni sawa na Hezi 5.

Programu ihifadhi hesabu moja kama sifuri ya ukuta, na kila baada ya milisekunde 200 ionyeshe tofauti kati ya hesabu mpya na hiyo sifuri. Tofauti ikizidi kizingiti, iwe chanya au hasi, buza ilie, na kadiri inavyokuwa kubwa sauti iwe nyembamba zaidi. Skrini ndogo ya mistari miwili inatosha kuonyesha namba.

Kuna uamuzi mmoja wa kubuni unaowagawa mafundi, nao ni namna ya kuweka sifuri. Wapo wanaoandika programu ijirekebishe yenyewe polepole, ili joto likibadilika sifuri ifuate. Nilifanya hivyo mwanzoni nikajuta: ukisimamisha kifaa juu ya nondo kwa sekunde chache ili uchore alama, programu nayo inaizoea nondo, inaiita sifuri, buza linanyamaza, na ukikisogeza kando kinalia mahali pasipo na kitu. Sasa naweka kitufe. Ninapokibonyeza ndipo sifuri inapowekwa, na wakati mwingine wowote haiguswi. Ni kazi zaidi kwa kidole, lakini kifaa hakinidanganyi.

Kizingiti usikibuni kichwani. Washa kifaa, kiache dakika 10 kizoee joto la chumba, kishike bila kukitikisa dhidi ya ukuta kwa dakika moja, na uangalie namba inacheza kiasi gani. Ikiwa inacheza kati ya 2 chini na 2 juu, weka kizingiti 6. Kwenye ukuta wa matofali ya kuchoma unaweza kulazimika kukipandisha kidogo kwa ajili ya ile tofauti ya tofali na tofali niliyoieleza.

Mpini, na mahali pa betri

Mwaka 1881 Alexander Graham Bell aliletwa na kifaa chake kutafuta risasi mwilini mwa James Garfield, rais wa Marekani aliyepigwa risasi mwezi Julai mwaka huo. Hakuipata, na miongoni mwa sababu zinazotajwa ni springi za chuma za kitanda alicholalia mgonjwa. Fundi wa leo ana springi zake: saa ya mkononi, pete, betri za kifaa chenyewe, skrubu za kasha. Weka bodi na betri angalau sentimita 20 kutoka kwenye koili, kwa kutumia mpini wa bomba la plastiki la nusu inchi, na usitumie skrubu yoyote upande wa koili. Nyaya za kutoka kwenye koili zisokotwe pamoja na zifungwe imara ndani ya mpini, maana waya unaoning'inia hubadilisha namba kila unapogeuka. Chini ya koili bandika kipande cha plastiki nyembamba na laini ili iteleze juu ya lipu bila kuruka, na umbali wake na ukuta usibadilike.

Ukuta wa majaribio

Usiende kwa mteja kabla hujajenga ukuta wako mwenyewe. Wangu una matofali machache ya kuchoma, umeegemezwa nyuma ya karakana, na ndani yake nimezika kipande cha nondo ya milimita 12, msumari wa inchi 3, waya wa milimita mraba 2.5 ndani ya bomba la plastiki, bomba la plastiki tupu, na boksi la chuma la soketi, kila kimoja kikiwa na kipimo cha kina kilichoandikwa daftarini kabla ya kupigwa lipu. Kijana ninayefanya naye kazi alifukia vingine viwili bila kuniambia viko wapi, na mpaka leo kimoja hajaniambia.

Utagundua haraka mambo mawili. Boksi na nondo vinaonekana waziwazi, huku msumari ukionekana tu ukiupitia karibu sana. Waya wa shaba, ambao ndio unaoogopwa kuliko vyote, unaonekana kwa shida au hauonekani kabisa. Sababu ni kwamba mikondo ya kuzunguka inahitaji eneo la kuzungukia, na uzi wa shaba wenye kipenyo kisichofika milimita 2 hauna eneo. Bomba la plastiki, liwe tupu au lina maji, halionekani kamwe. Hili mwambie mteja kabla hajakuuliza: kifaa kikinyamaza hakijasema kwamba hakuna waya, kimesema hakijaona metali ya kutosha. Kwa nyaya, tafuta maboksi ya swichi na soketi, uchukulie kwamba waya unapanda wima au kwenda mlalo kutoka kwenye kila boksi, na usitoboe kwenye njia hizo.

Wapo pia wanaonifuata wakitaka kifaa hiki kwa ajili ya rupia. Ni kweli kwamba mwaka 1916 Wajerumani walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 hapahapa Tabora, katika karakana ya reli. Lakini koili ya milimita 75 haitaona sarafu iliyo ndani kabisa ya ukuta mnene, na majengo ya kale yanalindwa na sheria ya mwaka 1964. Ninawaambia hivyo, na wengi huondoka bila kuaga.

Kupima kwa mteja

Vua saa na pete. Sogeza kitanda cha chuma, jokofu na ngazi mbali na ukuta. Chagua sehemu ambayo mwenye nyumba ana hakika haina kitu, gandamiza koili hapo, bonyeza kitufe cha sifuri, kisha angalia sehemu nyingine mbili kama namba inabaki karibu na sifuri. Isipobaki, chagua upya.

Pitisha koili kutoka kushoto kwenda kulia kwa mwendo wa sentimita 10 kwa sekunde au polepole zaidi, ukishuka sentimita 5 kila mstari. Buza likianza kulia, weka alama ya chaki kwenye kitovu cha koili. Kisha rudi kutoka kulia kwenda kushoto kwenye mstari uleule na uweke alama ya pili, kwa sababu kuhesabu huchukua milisekunde 200 na alama zote huchelewa kuelekea upande unaokwenda. Kitu kipo katikati ya alama hizo mbili. Rudia kwa kupanda na kushuka. Alama zikijipanga wima kutoka chini hadi juu ni nondo ya nguzo au bomba la chuma. Zikijipanga mlalo juu ya mlango au dirisha ni linta. Doa moja lisilo na mwenzake ni msumari au kipande cha waya wa kufungia kilichosahauliwa na mwashi.

Kila baada ya dakika chache rudi pale ulipochukulia sifuri na uangalie kama bado inasoma sifuri. Ikiwa imesogea, bonyeza tena na urudie mistari miwili ya mwisho.

Ukishapata mahali salama, zima meni swichi na ufunge koki ya maji ya nyumba, hata kama chaki inakuambia pako wazi. Tumia drili ya betri. Toboa sentimita moja ya kwanza polepole bila kugonga, chomoa, na uangalie vumbi lililo kwenye ncha: likiwa kavu na jekundu, endelea, likiwa na unyevu, au ukiona chembe nyeupe za plastiki, sogea sentimita 10 pembeni na uanze kupima upya.